Habré alihukumiwa Dakar: tunayokosea kuhusu kuwashtaki madikteta waliokimbia

Mjini N'Djamena kulikuwa na bwawa la kuogelea lililoachwa na wakoloni wa Kifaransa. Hissène Habré alipoitawala Chad, kuanzia Juni 1982 hadi Desemba 1990, bwawa hilo lilifunikwa kwa zege na kugawanywa vyumba. Likawa jela ya chini ya ardhi ya DDS, polisi wa siasa waliowajibika kwa rais moja kwa moja. Mwaka 1992 tume ya uchunguzi ya Chad ilikadiria kwamba watu 40,000 waliuawa au walifia kizuizini katika miaka hiyo minane. Wakati tume inaandika ripoti yake, Habré alikuwa ameshahamia Dakar, Senegal, akiishi kwa raha zake.

Nachukua kesi yake kwa sababu inajibu karibu kila kosa tunalolisikia rais aliyepinduliwa anapovuka mpaka.

"Aliyekuwa rais ana kinga, hagusiki." Hapa watu huchanganya aliye madarakani na aliyetoka. Februari 2002, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iliiamuru Ubelgiji ifute hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia wa Kongo, kwa kuwa hati hiyo ilitolewa akiwa bado waziri wa mambo ya nje. Mtu akishaachia kiti, hesabu inabadilika. Mwaka 1999 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza walikataa kumpa Augusto Pinochet wa Chile kinga dhidi ya mashtaka ya utesaji. Mwishowe aliachiwa arudi kwao kwa hoja ya afya, lakini uamuzi ule ulibaki kwenye vitabu. Kwa Habré, serikali ya Chad yenyewe ilitamka mwaka 2002 kwamba hana kinga yoyote.

"Hizo ni kesi za ICC." Hapana. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inasikiliza makosa yaliyotendwa kuanzia tarehe 1 Julai 2002, na Habré alipinduliwa 1990. Kilichomnasa ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupinga Utesaji wa mwaka 1984, ambao Senegal iliuridhia 1986. Mkataba huo unaidai nchi kitu kimoja kizito: mtuhumiwa wa utesaji akiwa kwenye ardhi yako, mshtaki mwenyewe au mkabidhi kwa atakayemshtaki. Haijalishi alitesea wapi.

"Nchi ikimtaka tu, anapakiwa kwenye ndege." Waulizeni waathirika wa Chad. Walifungua mashtaka Dakar Januari 2000, na Machi 2001 mahakama ya juu ikasema majaji wa Senegal hawana mamlaka. Wakageukia Ubelgiji. Septemba 2005 hakimu wa huko akatoa hati ya kumkamata, na miezi miwili baadaye mahakama ya Dakar ikasema haiwezi kuamua ombi la kumkabidhi. Ikabidi Ubelgiji iishtaki Senegal mbele ya ICJ mwaka 2009. Jibu lilikuja tarehe 20 Julai 2012: mshtakini bila kuchelewa zaidi, au mkabidhini. Miaka kumi na miwili ilikuwa imekwenda, na wengine waliotia saini mashtaka ya kwanza walikuwa wameshafariki.

Kumrudisha kwao nako si lazima kuwe haki. Chad ilishamhukumu kifo mwaka 2008 bila yeye kuwepo. Julai 2011 Rais Abdoulaye Wade wa Senegal alitangaza kwamba anampeleka N'Djamena, kisha akafuta safari baada ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa kuonya kwamba angeweza kuteswa huko. Naunga mkono onyo lile. Anayepinga utesaji hampeleki mtu mahali pa kuteswa, hata mtu huyo akiwa Habré.

"Miaka ikipita, ushahidi unakufa." Souleymane Guengueng alikuwa mhasibu. Alifungwa zaidi ya miaka miwili na kuona wenzake wakifa, akaapa kwamba akitoka hai atasema. Alipotoka, yeye na wenzake walikusanya maelezo ya waathirika 792, wakayaficha kwa miaka mingi kwa sababu watu wa DDS walikuwa bado wana vyeo serikalini. Kisha mwaka 2001, watafiti wa Human Rights Watch waliingia katika ofisi zilizotelekezwa za DDS na kukuta maelfu ya karatasi zimetapakaa sakafuni: orodha za wafungwa, mahojiano, vyeti vya vifo. Zilipochambuliwa, zilitaja watu 1,208 waliofia kizuizini. Watesaji waliandika kila kitu kwa mkono wao.

"Ni Wazungu wanawaandama Waafrika." Sehemu ya lawama hii ni kweli, na inauma. Marekani na Ufaransa zilimpa Habré fedha na silaha kwa kuwa alipigana na Gaddafi, na hakuna mtu wao aliyesimama kizimbani. Lakini kesi yenyewe? Umoja wa Afrika ndio ulioitaka Senegal, Julai 2006, imshtaki kwa niaba ya Afrika. Mahakama maalumu iliundwa ndani ya mahakama za Senegal, na jaji aliyeongoza kesi, Gberdao Gustave Kam, alitoka Burkina Faso. Wakili Jacqueline Moudeina, aliyewasimamia waathirika, ni Mchad. Mwaka 2001 alirushiwa guruneti katika maandamano N'Djamena, akaumia mguu, na hakuacha kesi.

Septemba 2015 walinzi walimbeba Habré mzobemzobe hadi kwenye kiti chake huku akipiga mateke. Baada ya hapo alikaa kimya miezi yote, kilemba kichwani na miwani myeusi usoni, huku mashahidi wakisimama mmoja mmoja mbele yake. Walikuwamo wanawake waliopelekwa kambi ya jeshi ya Ouadi-Doum, jangwani, wakafanywa watumwa wa ngono. Tarehe 30 Mei 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha.

"Akishafungwa, waathirika wamepata haki yao." Aprili 2017 mahakama ya rufaa ilithibitisha kifungo hicho, na kuagiza fidia ya zaidi ya faranga za CFA bilioni 82 kwa waathirika 7,396. Habré alifariki Dakar tarehe 24 Agosti 2021 kwa Uviko-19, akiwa bado mfungwa. Hadi siku hiyo, hakuna hata mmoja wa wale 7,396 aliyekuwa amepokea faranga moja ya fidia hiyo.