Marudio ya hisabati madarasa ya juu ya msingi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Marudio ni kufanya maswali mengi hadi mtoto azoee.

Inategemea anazoea nini. Mpe 503 − 278 aandike 375, kisha umpe 604 − 357 aandike 353. Huyo habahatishi. Ana kanuni yake: katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kanuni hiyo haikumwangusha alipokuwa akitoa 27 kwenye 58, kwa hiyo haoni sababu ya kuiacha. Maswali 30 ya namna hiyo yatamfanya akosee kwa kasi zaidi.

Kwanza mwambie aeleze kila hatua kwa sauti. Kisha mfungue 503 mbele yake. Mamoja ni 3, hayatoshi kutoa 8. Makumi ni 0, hakuna cha kuchukua. Basi chukua mia 1, mamia yabaki 4, nayo mia hiyo iwe makumi 10. Chukua kumi 1, makumi yabaki 9, mamoja yawe 13. Sasa 13 − 8 ni 5, 9 − 7 ni 2, 4 − 2 ni 2. Jibu ni 225. Ahakiki mwenyewe: 225 + 278 inarudi 503, ilhali 375 + 278 inampeleka 653. Baada ya hapo maswali sita yanatosha, tena yachanganywe na ya kujumlisha na kuzidisha ili kila mara alazimike kufikiri anafanya nini.

Dhana: MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) inasema kujumlisha kunatangulia kutoa.

Herufi zimepangwa hivyo, lakini kujumlisha na kutoa vina ngazi moja: unaanzia kushoto. Katika 20 − 8 + 5, anayekimbilia kujumlisha huunganisha 8 na 5, akapata 20 − 13 = 7. Jibu sahihi ni 17. Kosa ni kusahau kwamba alama ya kutoa ni ya 8 peke yake, haiihusu 5. Ukijumlisha 20 na 5 kwanza, halafu ukatoa 8, bado unapata 17.

Kugawanya na kuzidisha navyo vina ngazi moja, ila hapo mpangilio wa MAGAZIJUTO hauharibu jibu, unaongeza kazi tu. Katika 6 × 5 ÷ 3, anayeng'ang'ania kugawanya kwanza anakwama kwenye 5 ÷ 3. Akienda kushoto kwenda kulia, ni 30 ÷ 3 = 10, basi.

Dhana: Kuzidisha kwa 10 ni kuongeza sifuri mwishoni.

Kwa namba nzima jibu hutoka. Kwa 2.5 linakuwa 2.50, yaani halijasogea popote. Kinachotokea ni kwamba kila tarakimu inahama nafasi moja kwenda kushoto: 2 inakuwa makumi, 5 inakuwa mamoja, jibu 25.

Dhana: Desimali yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa.

Uliza ipi kubwa kati ya 0.8 na 0.45, kisha kati ya 0.3 na 0.62. Anayehesabu tarakimu atakosa swali la kwanza na kupata la pili. Yupo pia wa upande wa pili, anayeamini fupi ndiyo kubwa kwa kuwa sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Huyo atapata la kwanza na kukosa la pili. Ukiuliza swali moja tu, mmojawapo atakupita ukidhani anajua. Dawa ni kusawazisha urefu: 0.80 na 0.45, 0.30 na 0.62.

Dhana: Sehemu hujumlishwa juu kwa juu, chini kwa chini.

Kwa njia hiyo 1/2 + 1/3 inatoa 2/5. Kabla ya kufundisha lolote, muulize: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2? Ni ndogo. Umeongeza kitu, ukabaki na pungufu! Asili, yaani namba ya chini, inataja ukubwa wa vipande, na vipande visivyolingana havihesabiki pamoja. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni 6, kwa hiyo 3/6 + 2/6 = 5/6.

Dhana: Kuzidisha hukuza, kugawanya hupunguza.

8 × 0.5 ni 4. Na 6 ÷ 1/2 ni 12, kwa sababu unauliza nusu ngapi zimo ndani ya 6.

Dhana: Muda hutolewa kama namba za kawaida.

Kutoka 8:40 hadi 10:15, anayetoa 840 kwenye 1015 hupata 175, akaandika saa 1 na dakika 75. Saa unayoichukua ina dakika 60, si 100. Dakika 15 zinakuwa 75. 75 − 40 ni 35. Saa 9 − 8 ni 1. Saa 1 na dakika 35.

Dhana: Jedwali la kuzidisha lina mambo 100 ya kukariri.

Kutoka 1 × 1 hadi 10 × 10 visanduku ni 100 kweli. Lakini 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, hivyo yanabaki 55. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo wengi wanayo tayari, yanabaki 21. Yaandike kwenye kadi, tenga zile anazosita, na uanze na hizo kesho yake.