Je, Wajua kwa Nini Mchana Jiji la Jangwani Huwa na Uso wa Baridi Kuliko Jangwa Lenyewe?

Nilipoona kwa mara ya kwanza ramani ya joto ya Dubai iliyochorwa kwa vipimo vya setilaiti, nilidhani aliyeichora amepindua rangi. Ilikuwa ramani ya kiangazi, saa nne na nusu asubuhi. Nilitarajia jiji, pamoja na lami na maghorofa yake yote, liwake jekundu katikati ya jangwa. Lakini lililowaka ni jangwa, na jiji lilikuwa limelala kando ya bahari kwa rangi ya kijani na buluu, mfano wa bwawa. Nilirudi mara mbili kwenye ufunguo wa rangi na sikuona kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, tena nilikosea mara mbili: kwanza nilikataa kuiamini ramani, na nilipoiamini nikaisoma vibaya zaidi.

Kosa la kwanza lina historia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Luke Howard, mchunguzi wa hali ya hewa, alipolinganisha vipimo vya joto vya London na vya mashamba ya jirani, imejulikana kwamba mji hujiwekea joto lake, hasa usiku. Wataalamu wameipa hali hiyo jina la kisiwa cha joto. Anayetoka Kariakoo jioni akaelekea upande wa misitu ya Pugu hahitaji kipimajoto kulithibitisha hilo. Basi mtu akishaambiwa kwamba mji una joto kuliko viunga vyake, huichukua kauli hiyo kama kanuni ya kila mahali, na mimi niliichukua hivyo kwa miaka.

Kumbe kauli hiyo ina upande wa pili usiotajwa, nao ni viunga vyenyewe. Mwaka 2010, Marc Imhoff na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, walichapisha uchunguzi wa miji 38 mikubwa ya Marekani. Miji iliyojengwa penye misitu ya majani mapana ilikuwa na uso wenye joto kuliko viunga vyake kwa wastani wa nyuzi 8 hivi za Selsiasi wakati wa kiangazi. Kwenye miji ya jangwani mambo yalikuwa tofauti kabisa: joto la uso lilishuka kutoka katikati ya mji hadi pembezoni, kisha likapanda tena kadiri mtu anavyoingia jangwani. Abu Dhabi na Dubai nazo zimepimwa kwa setilaiti, na mchana wa kiangazi jiji limeonekana lina uso wa baridi kuliko mchanga unaolizunguka.

Sababu moja ni rahisi. Mti hunywa maji ardhini na kuyatoa hewani yakiwa mvuke, na kuvukiza maji hula joto jingi mno. Lita moja ikivukizwa humeza zaidi ya mara saba ya joto linalohitajika kuitoa lita hiyo kwenye ubaridi wa bombani hadi ianze kuchemka. Ndiyo kazi ya mtungi wa udongo: maji yanayopenya na kukauka kwa nje ndiyo yanayopoza yaliyobaki ndani. Ukifyeka msitu ukamwaga zege, umeuvunja mtungi, na joto lililokuwa likiliwa na mvuke sasa linabaki juu ya ardhi. Jangwani hapakuwa na mtungi wa kuvunja. Tena jiji ndilo linaloleta mtungi wake: Dubai ina mitende na nyasi kando ya barabara zinazomwagiliwa kwa majitaka yaliyosafishwa, na Phoenix, katika jimbo la Arizona, ilianza juu ya mifereji iliyochimbwa karne nyingi kabla yake na watu wa kale waitwao Hohokam.

Kwa muda nilitosheka na jibu la bustani, na nilikuwa nimeishia njiani. Mitaa yenye majengo mengi na kijani kidogo nayo mara nyingi huonekana baridi kuliko mchanga, hasa asubuhi. Halafu kuna suala la rangi. Mchanga mkavu wa jangwani hurudisha angani karibu theluthi ya mwanga wa jua unaoupiga, wakati lami mpya hairudishi hata sehemu moja ya kumi. Yaani mchanga hupokea joto kidogo kuliko sehemu kubwa ya jiji, na bado uso wake huwa wa moto zaidi. Hapo ndipo jambo hili liliponikamata, na hapo ndipo penye jibu lenyewe.

Aliyewahi kupanda vilima vya mchanga vya Shela, Lamu, saa saba mchana bila viatu analijua jibu hilo kwa nyayo zake. Mchanga wa juu unaunguza. Lakini ukisimama na kuzamisha vidole sentimita chache tu, unakuta ubaridi. Jua lililopiga tangu asubuhi halijafika hapo, kwa sababu punje za mchanga mkavu hugusana kwa ncha tu. Nafasi iliyobaki kati yake ni hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Ndiyo maana anayekaanga karanga kwa mchanga haachi kukoroga. Akiacha, mchanga wa chini utaunguza karanga na wa juu utabaki vuguvugu. Jangwa ni karai ambalo moto wake uko juu na hakuna wa kulikoroga. Mpando na mshuko wa joto wa kila siku hupungua hadi karibu theluthi yake ukifika sentimita 7 au 8 chini ya mchanga, na ukichimba nusu mita huuoni tena.

Zege ni habari nyingine. Limeshikamana, halina hewa nyingi ndani, na hupitisha joto mara nne au tano kuliko mchanga mkavu. Joto likifika juu linavutwa ndani.

Tuchukue nyumba mbili siku ya harusi. Ya kwanza ni kibaraza tu, na nyuma yake ukuta. Ya pili ina kibaraza, ukumbi, vyumba na ua mpana. Wageni wanafika kwenye nyumba zote mbili kwa kasi ile ile. Ikifika saa nne asubuhi, kibaraza cha kwanza kimejaa na watu wanasukumana, lakini cha pili bado kina nafasi, maana kila anayefika anakaribishwa ndani. Mpita njia anayehesabu watu wa kibarazani tu ataapa kwamba harusi kubwa iko kwenye nyumba ya kwanza. Hata wageni wa nyumba ya pili wakizidi kidogo, kama jiji linavyopokea jua zaidi kwa sababu ya weusi wake, hesabu ya kibarazani haitaonyesha hivyo. Setilaiti ndiyo mpita njia huyo. Kipimo chake husoma miale ya joto inayotoka kwenye ngozi ya juu kabisa ya ardhi, nyembamba kuliko karatasi, na ua haiuoni.

Wageni wakianza kuondoka, kibaraza cha kwanza kinakuwa kitupu mara moja. Kwenye nyumba ya pili wanaendelea kutoka makundi kwa makundi hadi usiku wa manane, na wote hupitia kibarazani. Mpita njia akirudi saa hizo atabadilisha kauli yake yote.

Ramani zenyewe zinahitaji uangalifu. Nyingi zimetokana na setilaiti za Terra, iliyorushwa mwaka 1999, na Aqua, iliyorushwa mwaka 2002, ambazo kila nukta yake ni eneo la kilomita moja hivi kwa kilomita moja. Ndani ya nukta hiyo kuna paa, mti, kivuli na lami, vyote vimechanganywa. Lami nyeusi isiyo na kivuli, ikipimwa peke yake alasiri, inaweza kabisa kuushinda mchanga kwa joto. Kuta, ambazo ni sehemu kubwa ya jiji la maghorofa, hazionekani vizuri kutoka juu. Mchanga wenye kwatzi, madini magumu mfano wa kioo, nao hautoi miale sawasawa katika kila urefu wa wimbi, hivyo kipimo chake hutegemea marekebisho ya kimahesabu. Kwa hiyo naiamini sura ya jambo hili, jangwa la moto na jiji la baridi wakati wa mchana, kuliko ninavyoiamini nyuzi moja au mbili iliyoandikwa kwenye ramani moja.

Sasa kosa langu la pili, ambalo naona ni zito zaidi kwa sababu nimelisikia kwa wengine wengi. Nilipokubali kwamba uso wa jiji ni baridi kuliko jangwa, nilihitimisha kwamba mtu anayetembea Dubai mchana ana nafuu. Ramani haikusema hivyo. Ilisema habari za uso wa ardhi, si za hewa.

Joto la hewa tunalosikia kwenye taarifa ya habari hupimwa kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. Joto la uso ni kitu kingine kabisa, na tofauti yake ni kubwa mno. Uchambuzi wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta uso wa Jangwa la Lut nchini Iran, na wa Jangwa la Sonora ambamo Phoenix imejengwa, umewahi kufika nyuzi 80.8. Hakuna hewa ya mahali popote duniani iliyokaribia hapo. Rekodi ya hewa, ambayo wapo wanaoitilia shaka, ni nyuzi 56.7, iliyopimwa Death Valley, California, mwaka 1913. Kwa hiyo ardhi ya jangwani inaweza kuwa na moto wa kuunguza ngozi huku hewa ya usawa wa kifua ikikaribiana na ya mjini.

Phoenix imetoa mfano mzuri wa jambo hili. Jiji hilo lilianza mwaka 2020 kupaka baadhi ya barabara zake rangi ya kurudisha mwanga. Uso wa barabara ulipoa, adhuhuri kwa nyuzi 6 hivi, na kwenye ramani hayo ni mafanikio. Lakini vipimo vilionyesha kwamba mtu aliyesimama juu ya barabara hiyo mchana alipigwa na miale mingi zaidi, kwa sababu mwanga uliokataliwa na barabara ulimwangukia yeye.

Na usiku? Wageni wa uani wanatoka. Jangwa, likiwa wazi chini ya anga kavu isiyo na mawingu, huachia joto lake angani bila kizuizi. Mtaa wa maghorofa huona kipande kidogo tu cha anga. Joto linalotoka ukuta mmoja linaangukia ukuta wa ng'ambo, kisha linarudi. Viyoyozi navyo hutoa joto la vyumbani na kulimwaga barabarani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikadiria mwaka 2014, kwa kutumia modeli ya kompyuta, kwamba joto hilo la viyoyozi hupandisha hewa ya usiku ya Phoenix kwa zaidi ya nyuzi 1 katika baadhi ya maeneo. Kiangazi cha 2023 jiji hilo lilipitia siku 31 mfululizo zilizofikia au kuvuka nyuzi 43.3. Kilichonishtua zaidi ni usiku wake: tarehe 19 Julai kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 36.1. Hapo nilielewa kwamba ule ubuluu wa mchana na moto huu wa usiku ni kitu kimoja. Zege lililoonekana baridi saa nne asubuhi lilionekana hivyo kwa sababu lilikuwa linameza.

Isifikiriwe kwamba kila usiku wa moto ni kosa la jiji. Qurayyat ni mji mdogo wa pwani ya Oman, si mbali na Muscat, ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu. Tarehe 26 Juni 2018 joto la hewa la Qurayyat halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Hakuna msitu wa maghorofa pale. Kuna bahari yenye vuguvugu, na unyevu wake hewani huzuia joto lisitoroke usiku. Miji mikubwa ya Ghuba ina vyote viwili, zege na bahari, na kuvitenganisha ni kazi ngumu.

Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi huko, jambo hili si la udadisi tu. Umoja wa Falme za Kiarabu hukataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa alasiri, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Hiyo ni kinga ya jua la mchana. Mwili, hata hivyo, hutegemea usiku upoe ili uanze upya, na usiku ndipo mtaa unapolitoa joto ulilolimeza.

Setilaiti za Terra na Aqua zilipangwa kupita saa zile zile kila siku, saa nne na nusu na saa saba na nusu, mchana na usiku, hivyo zilitupatia jangwa la moto au jiji la moto bila safari iliyo katikati. Mwaka 2018 kifaa cha kupima joto la uso wa ardhi kiitwacho ECOSTRESS kilifungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, nacho hupita juu ya mahali pamoja kwa saa zinazobadilika. Mahali fulani kati ya alasiri na usiku, mchanga ukishuka upesi na zege likijikokota, joto la nyuso zao hukutana. Hukutana tena asubuhi baada ya jua kuchomoza, safari hii mchanga ukiwa njiani kupanda. Kwenye ramani ya dakika hizo jiji lenye mamilioni ya watu hufifia, likakaribia kupotea ndani ya jangwa.