Muungano wa utetezi wa nyumba za bei nafuu ni kitu gani hasa?

Ukisikia watu wanataja muungano wa utetezi wa makazi usifikirie chama cha siasa, wala shirika moja lenye bosi mmoja. Ni makundi mengi yanayojitegemea, wapangaji, wajenzi wasiotafuta faida, makanisa, wanaohudumia watu wanaolala nje, wanasheria, saa nyingine hadi maafisa wa halmashauri, wamekubaliana kubeba ombi moja kwa wale wanaoshika bajeti ya taifa. Kila kundi linabaki na jina lake na shughuli zake, ila likija suala la hilo ombi wote wanaimba wimbo mmoja. Kwenye semina za miradi kazi hii inaitwa uchechemuzi, neno ambalo mimi hunichekesha manake linafanana na kuchechemea, na kusema ukweli ndo mwendo wake wenyewe.

Sasa kwa nini wahangaike na serikali kuu na sio kumbana mwenye nyumba tu? Hapa piga hesabu ndogo. Marekani, ambako miungano ya hivi ina umri mkubwa, kipimo cha kodi ya nyumba iliyo nafuu ni asilimia 30 ya kipato (zamani ilikuwa 25, ikapandishwa 1981). Mtu anayepata dola 1,200 kwa mwezi anatakiwa alipe 360, basi. Nani atajenga nyumba, alipe mkopo, atengeneze mabomba, alipe bima, kwa dola 360 kwa mwezi? Hakuna, hata awe na roho nzuri kiasi gani. Hilo pengo lazima mtu alizibe, na mji mmoja haujiwezi, ndo maana wanaenda kwenye hazina ya taifa. Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui, kwamba kule msaada wa kodi sio haki ambayo ukikidhi vigezo unapewa, Bunge linatenga fungu kila mwaka na fungu likiisha limeisha, kwa hiyo kati ya familia nne zinazostahili ni kama moja tu inayopata, zilizobaki zinakaa kwenye foleni.

Muungano mkubwa wa kule ulizaliwa kwa hasira, tunaweza kusema hivyo. Januari 1973 serikali ya Rais Nixon ilisimamisha miradi mipya ya nyumba za ruzuku, na mwaka uliofuata mama mmoja anaitwa Cushing Dolbeare akakusanya watu wakaanzisha kile ambacho leo ni National Low Income Housing Coalition, yaani muungano wa taifa wa nyumba za watu wa kipato cha chini. Silaha yake kubwa ilikuwa namba. Alikuwa mtu wa kuchambua bajeti na kuonyesha pesa ya nyumba inakwenda kwa nani, akaonyesha kwamba unafuu wa kodi ya mapato wanaopata wenye nyumba zao ni pesa ya serikali vilevile, na mwingi unaishia kwa wenye uwezo. Ukiwa na hoja ya namna hiyo huendi kwa mbunge kulialia, unaenda kuuliza swali gumu.

Na hapa ndo tofauti ya utetezi wa kweli na kelele. "Tunataka nyumba bora" sio ombi, mbunge ataitikia kwa kichwa na atasahau kabla hujafika getini. "Ongeza fungu la vocha za kumsaidia mpangaji kulipa kodi ya nyumba kwenye bajeti ya mwaka huu", hilo ni ombi, anaweza kulipigia kura ya ndiyo au hapana na wapiga kura wake wakaona. Mashirika ya hisani kule yanaruhusiwa kushawishi kuhusu miswada kwa kiwango fulani bila kupoteza msamaha wa kodi ya serikali, ila kumpigia debe mgombea ni marufuku kabisa.

Shida iko ndani ya muungano wenyewe. Mpangaji anataka kodi zidhibitiwe, mjenzi hataki hata kusikia hilo neno, kwa hiyo linawekwa pembeni ili barua isainiwe na wote. Ndo bei ya umoja, lakini mimi naona miungano mingine inaweka pembeni mpaka ombi linabaki maji matupu, na mpangaji anaitwa siku ya kupiga picha tu.

Tena sheria kupita sio mwisho wa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muungano huo wa Dolbeare na wenzake walianza kampeni ya mfuko wa taifa wa nyumba kwa ajili ya wenye kipato cha chini kabisa, wakitaka chanzo cha pesa kisichotegemea bajeti ya kila mwaka. Julai 2008 sheria ikapita, mfuko ulishwe na Fannie Mae na Freddie Mac, zile kampuni kubwa za mikopo ya nyumba, zikitoa kitu kama senti nne kwa kila dola 100 za biashara mpya ya mikopo, na sehemu kubwa ya hizo iingie kwenye mfuko. Septemba hiyohiyo kampuni zote mbili zikawekwa chini ya usimamizi wa serikali sababu ya mtikisiko wa mikopo, na michango ikasimamishwa kabla mfuko haujaonja hata senti. Sheria ipo, mfuko upo, ndani hamna kitu, na hali ikawa hivyo hadi Desemba 2014 zuio lilipoondolewa, miaka yote hiyo muungano unabisha hodi. Mgao wa kwanza ulitoka 2016, kama dola milioni 174 kwa nchi nzima, majimbo madogo yakaambulia milioni 3 kila moja, na kampeni ikarudi mezani kuomba nyongeza.