Dola milioni 400 mlangoni, na bado hasara: hesabu za filamu kubwa

Vijiwe vya Mwanga vina hoja moja inayonichosha: "Muvi ile imeingiza dola milioni mia nne, jamaa wamepiga hela." Mimi ni mhasibu. Mchana nashinda na vitabu vya wenye vyombo vya uvuvi na wafanyabiashara wa dagaa na mawese hapa Kigoma. Usiku, umeme ukiwepo, nasoma taarifa za fedha za kampuni za filamu kama wenzangu wanavyosoma msimamo wa ligi. Kwa hiyo leo naomba nimalize ubishi huu kwa maandishi, mtu akinianza tena nimtumie linki.

Namba inayotangazwa kila mwisho wa wiki ni hela zote ambazo watazamaji wamelipa mlangoni, katika kila nchi filamu ilikoonyeshwa. Hiyo siyo hela ya studio, yaani kampuni iliyotengeneza filamu. Mwenye ukumbi anachukua chake kwanza, na mgawo hutofautiana kulingana na nchi. Marekani studio hubakiwa na nusu au zaidi kidogo. Studio yenye nguvu huvuta zaidi: mwaka 2017 Disney iliripotiwa kudai asilimia 65 kwa filamu yake ya Star Wars ya mwaka ule, na juu yake ikaweka sharti kwamba ukumbi mkubwa kuliko zote uwe wake kwa wiki nne. Nje ya Marekani, kwa wastani, studio hupata kama asilimia 40. China ndiko mkono unakobanwa kabisa. Filamu za kigeni zinazoingia kwa mfumo wa kugawana mapato huambulia asilimia 25 tu.

Sasa tuchukue filamu halisi. Warcraft ilitoka mwaka 2016 kwa bajeti ya takriban dola milioni 160. Duniani kote iliuza tiketi za karibu dola milioni 439, na kijiweni hiyo ni sherehe. Ila tazama hela zilikotoka. Marekani na Kanada zilitoa kama milioni 47 tu, China peke yake zaidi ya milioni 200. Weka China milioni 220, chukua robo yake: 55. Nusu ya 47 ni kama 23. Zilizobaki ni kama milioni 172 za nchi nyingine, na asilimia 40 yake haifiki 69. Jumlisha vyote unapata kama milioni 147. Hata gharama ya kuitengeneza haijarudi, na hapo sijagusa matangazo! Miaka imepita na sehemu ya pili haijatoka.

Matangazo ni mzigo wa peke yake. Bajeti unayoisoma mtandaoni karibu kila mara ni ya utengenezaji: waigizaji, seti, kamera, kompyuta za kuchora majoka. Mabango, matangazo ya televisheni, safari za waigizaji na uzinduzi wa miji mikubwa havimo. Kwa filamu ya daraja la juu, gharama hizo zinaweza kupita dola milioni 100. Ndiyo maana wachambuzi wengi hutumia kipimo cha haraka kwamba filamu izidishe bajeti yake mara mbili na nusu mlangoni ndipo ianze kupumua. Ni kipimo kibovu, kwa sababu hakijui China na Marekani ni vitu viwili tofauti, lakini kwa ubishi wa kijiweni kinatosha.

Jambo ambalo watu wengi hawalitazami ni bei ya tiketi. Mwenye duka akinunua mchele kwa bei ya juu, anapandisha bei ya kilo. Mtengeneza filamu hawezi. Paranormal Activity ilipigwa kwa takriban dola 15,000, na mtazamaji alilipa mlangoni kiasi kilekile anacholipia filamu ya milioni 250. Ikauza zaidi ya dola milioni 190. Gharama inaweza kupanda hadi mawinguni, bei inabaki chini palepale, na tofauti yote lazima ijazwe na idadi ya vichwa. Juu ya hayo, fedha yote huwa imeshatumika kabla mtu wa kwanza hajakaa kwenye kiti. Huwezi kupunguza wafanyakazi wiki ya pili ukiona watu hawaji. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa filamu yoyote huwa ni moja tu: imegharimu kiasi gani? Mapato nitayauliza baadaye.

Mfano wa Joker unanifurahisha kwa ubaya wake. Ya kwanza, mwaka 2019, iligharimu chini ya dola milioni 70, haikuonyeshwa China hata siku moja, na ikapita dola bilioni moja. Studio ikaona mgodi. Sehemu ya pili, mwaka 2024, ikapewa bajeti iliyoripotiwa kuwa karibu milioni 200, na ikauza kama milioni 207 duniani kote. Watu watasema hadithi ilikuwa mbovu, nyimbo zilizidi. Sawa, inawezekana. Lakini kwa bajeti ya ile ya kwanza, milioni 207 zingekuwa matokeo ya kawaida ambayo hakuna angeyakumbuka. Kilichoigeuza kuwa msiba ni upande wa matumizi.

John Carter ya Disney ni mfano mwingine ninaoupenda, kwa sababu pale wahasibu walisema hadharani. Ilitoka tarehe 9 Machi 2012. Tarehe 19, siku kumi tu baadaye, kampuni ikatangaza kwamba inatarajia hasara ya takriban dola milioni 200 kwa filamu hiyo. Ilikuja kuuza kama milioni 284 duniani. Mkuu wa studio alijiuzulu mwezi uliofuata. Siku kumi zinatosha kwa sababu filamu hizi hupata sehemu kubwa ya mapato yake mwanzoni, halafu wiki ya pili kuporomoka kwa nusu ni jambo la kawaida. Ukishaiona Jumapili ya kwanza, kilichobaki ni kikokotoo.

Kuna waliozama kabisa. Studio ya United Artists, baada ya filamu yake Heaven's Gate ya mwaka 1980 kula takriban dola milioni 44 na kurudisha chini ya milioni 4 Marekani, iliuzwa kwa studio nyingine, MGM, mwaka uliofuata. Kampuni ya Carolco ilifilisika mwaka 1995 hata kabla filamu yake Cutthroat Island haijafika kumbini.

Mbona basi hawaachi? Kwa sababu studio kubwa haiishi kwa filamu moja. Mwaka 2019 Disney ilikuwa na filamu saba zilizopita bilioni moja kila moja. Mwaka 2023 hiyohiyo Disney ilitoa The Marvels, ikauza kama milioni 206, na Indiana Jones ya tano, kama milioni 384 kwa bajeti iliyoripotiwa mwanzoni kuwa karibu milioni 300. Mwaka 2024 ikarudi na filamu tatu za zaidi ya bilioni. Na mlango wa ukumbi ni kituo cha kwanza tu. Baada yake kuna kukodisha mtandaoni, televisheni, midoli, viwanja vya burudani. Mtoto anayevaa fulana ya Simba, yule wa The Lion King, hapa Ujiji yumo kwenye hesabu hizo, ikiwa fulana ni halali. Sisi wa kibandaumiza na flashi, samahani, hatumo kabisa. Mia tano yako inaishia kwa mwenye kibanda.

Gharama halisi unazipata wapi? Hapa ndipo raha yangu ilipo, wanisamehe wasiopenda vitabu vya hesabu. Kwa miaka mingi Uingereza imekuwa ikirudishia watengenezaji hadi robo ya gharama zinazokubalika zilizotumika huko. Ili ulipwe, filamu inafunguliwa kampuni yake, na kampuni hiyo lazima iwasilishe hesabu zake kwa msajili wa makampuni, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Humo ndimo zinamoonekana namba ambazo studio haziweki kwenye matangazo. Star Wars: The Force Awakens ya mwaka 2015, kwa mfano, iligharimu zaidi ya dola milioni 400 hata baada ya kurudishiwa. Iliuza zaidi ya bilioni mbili, kwa hiyo usiwaonee huruma.

Upande wa pili wa vitabu hivyo ni giza. Coming to America, ile ya mwana wa mfalme wa Zamunda, iliuza takriban dola milioni 288. Mwandishi Art Buchwald, ambaye mahakama ilikubali kwamba wazo la awali lilitoka kwake, alikuwa ameahidiwa sehemu ya faida halisi. Paramount, studio ya filamu hiyo, ikasema faida halisi haipo. Wavuvi wetu wa dagaa wanaujua mchezo huu bila kufundishwa: mapato ya usiku yakitolewa mafuta na chakula, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na vijana wake, na tajiri mjanja akiingiza na bei ya injini mpya kwenye "matumizi", vijana wanarudi nyumbani mikono mitupu ilhali dagaa walijaa. Mwaka 1990 jaji aliuona mkataba ule kuwa wa kukandamiza, na mwaka 1992 mahakama ikaamua Buchwald na mtayarishaji mwenzake walipwe jumla ya dola 900,000. Ndiyo maana waigizaji wenye mawakili wazuri hudai asilimia ya mapato kabla ya kukatwa chochote.

Hata studio zenyewe hukimbiana. Titanic ilipovuka bajeti hadi kufika dola milioni 200, Fox ilikuwa imeshaiingiza Paramount kwa mchango wenye kikomo, milioni 65, na kwa hizo Paramount ikapata soko la Marekani. Filamu ikauza milioni 600 huko peke yake. Sijui kama kuna aliyewahi kusaini karatasi tamu kuliko ile.

James Cameron, aliyeiongoza Titanic, alisema mwaka 2022 kwamba Avatar yake ya pili ilikuwa ghali kiasi kwamba ingelazimika kuwa ya tatu au ya nne kwa mapato katika historia nzima ya sinema ili tu irudishe gharama. Ilitoka Desemba, ikauza takriban dola bilioni 2.3, ikashika nafasi ya tatu. Mteja wangu mwenye chombo akiniletea mpango wa biashara wa namna hiyo, sipigi muhuri.