Kreta asubuhi, boti mchana

Nikimwambia mgeni wa Mombasa kwamba kesho tunashinda pwani, hunicheka. Ni kweli, Uganda haina bahari. Pwani yangu mimi ni ukingo wa Mfereji wa Kazinga, maji ya kilomita 32 hivi yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Naongoza wageni huku, na kila mmoja huniuliza: tuanze na boti au na gari?

Gari. Niliwahi kuipindua ratiba kwa ajili ya familia moja iliyotaka kuwahi kuondoka. Tukapanda boti asubuhi. Viboko tuliwaona, hao hawakosi, lakini ukingo ulikuwa mtupu: tembo na nyati walikuwa bado malishoni. Joto la mchana ndilo huwateremsha majini. Tulipofika alasiri kwenye kreta, yale mashimo ya volkano, mawingu yalishaifunika milima ya Rwenzori yote.

Siku hizi alfajiri huwa tayari niko Queen's Pavilion, karibu na ikweta, barabara ya Kasese. Hifadhi ilianzishwa 1952, na jina la sasa likaja baada ya Malkia Elizabeth kuzuru 1954. Toka hapo hadi lango la Kabatoro, kupitia kwenye kreta, ni kilomita 27, na usidanganyike na udogo wa namba hiyo: ni saa tatu za mawe na makorongo. Gari liwe la kunyanyuka, tairi la akiba liwe zima.

Usitafute mlima wenye ncha. Hapa uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka ulikutana na maji chini ya ardhi, mvuke ukalipuka, yakabaki mabakuli. Nayo hayafanani hata yakipakana: hili limejaa msitu, lile nyasi tupu, la tatu maji ya chumvi. Ukizima injini ukingoni unaweza kusikia tembo wakivunja matawi huko chini, bila kuwaona.

Chakula cha mchana ni samaki, ngege wa kukaanga kule Katwe, wanakovuna chumvi ziwani kwa mikono, kisha Mweya kupanda boti.

Safari ya boti huchukua kama saa mbili. Muulize nahodha ataambaa na ukingo upi, ukae upande huo. Kiboko ngozi yake haivumilii jua, ndiyo maana anashinda majini na kula nyasi usiku. Wale nyati waliolala topeni katikati yao ni madume wazee waliokwishaachana na kundi. Matundu ukutani mwa ukingo ni viota vya mdiria, ndege mla samaki. Pundamilia usiniulize, humu hawamo.

Tembo akitokea, msihamie wote upande mmoja, boti hulala. Huwa tunageuza pale mfereji unapoingia Ziwa Edward, kwenye kijiji cha wavuvi, mitumbwi imepumzika na viboko wakikoroma hatua chache kando yake.