Oili nzito haitibu mlio wa tapeti

Kijiweni ushauri huu hautoki midomoni: pikipiki ikianza kulia tak-tak-tak juu ya injini, weka oili nzito, itatulia. Kweli hutulia. Ila kilichotulia ni sauti tu, ugonjwa uko palepale, na asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo huchelewa kufika juu.

Mlio huo mwepesi, unaofuata mwendo wa injini, mara nyingi ni tapeti zilizolegea, yaani vipande vinavyosukuma valvu (vifuniko vya kuingizia hewa na petroli na kutolea moshi) zifunguke. Kati ya tapeti na valvu kuna uwazi mdogo mno. Kwenye injini nyingi za cc 100 hadi 150 ni kama 0.05 hadi 0.10 mm. Hupimwa kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, injini ikiwa imepoa, pistoni iko juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga.

Linaloniumiza zaidi ni kuona tapeti zikikazwa hadi sauti ipotee kabisa. Chuma kikipata moto hutanuka, uwazi unaisha, valvu ya egzosi, ile ya kutolea moshi, haifungi sawasawa. Valvu hiyo hupoa kwa kugusa kiti chake. Isipogusa, inaungua na pikipiki inakosa nguvu. Afadhali tapeti inayolia kidogo kuliko iliyonyamazishwa kwa kubanwa.

Kabla hujakubali injini ifunguliwe, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini uuweke sikioni. Mkwaruzo upande wa cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, ni jambo jingine, si tapeti. Mlio unaobadilika ukishika klachi, tafuta kwenye klachi. Kishindo kizito cha chini kinachozidi ukipanda mlima, hapo zima papo hapo, umwite fundi.