Daftari la Mauzo na Ukuaji wa Biashara Ndogo Lubumbashi

Malalamiko tunayopokea sisi tunaoshauri wafanyabiashara wadogo, kutoka komini (mitaa) za Lubumbashi za Kenya, Katuba na Ruashi, yanafanana: biashara imedumu miaka saba au kumi, lakini meza imebaki ileile, na sababu inayotajwa ni ukosefu wa mtaji. Mtaji ni tatizo la kweli, wala hatulikanushi, kama tusivyokanusha kwamba umeme ukikatika tomsoni (samaki wa barafu) huharibika katika friji. Hata hivyo, tukimwomba mlalamikaji atueleze aliuza kiasi gani mwezi uliopita, mara nyingi hutoa mfukoni noti zilizokunjwa na kuanza kuzihesabu.

Tuchukue mfano wa namba tu. Mama muuza unga ananunua mfuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa dola 10. Dola ikiwa faranga 2,500, mfuko umemgharimu 25,000. Anauuza 28,000, anajiona amepata 3,000, na jioni ananunulia mboga na makaa. Akirudi mpakani dola ikiwa 2,800, mfuko uleule unamtaka faranga 28,000, kumbe alichokula nyumbani kilikuwa mtaji. Daftari lenye bei ya kununulia kwa dola, kando ya bei ya kuuzia kwa faranga, lingemwonyesha hilo mapema. Vivyo hivyo, aliyepokea zamu yake ya likelemba (upatu, mchango wa kupokezana) akaitia yote dukani bila kuandika, kila mwezi akitoa mchango hudhani biashara inampa hasara, ilhali analipa deni.

Daftari hilo si ushauri wetu tu. Nchi yetu, Kongo (RDC), iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya pamoja ya biashara, iliyorekebishwa tarehe 15 Desemba 2010, inamruhusu mwenye shughuli ndogo, anayeitwa antreprena, kutoa tamko la shughuli yake bila malipo badala ya kujiandikisha katika RCCM, yaani rejista rasmi ya wafanyabiashara. Haruhusiwi kuanza kazi kabla ya kupata namba ya tamko, na namba hiyo lazima ionekane kwenye ankara zake. Anatakiwa kuandika siku kwa siku fedha iliyoingia na ilikotoka, akitenganisha iliyolipwa taslimu na iliyolipwa kwa njia nyingine (za simu zimo humo), kisha fedha iliyotoka na ilikokwenda. Daftari hutunzwa miaka 5 isiyopungua.

Inatubidi kurudia, kwa mara nyingine tena, kwamba kitansi (risiti) cha kila siku cha soko si patanti, na patanti, yaani kibali cha biashara ndogo kinachotokana na sheria ya petikomersi (biashara ndogo) ya tarehe 2 Agosti 1979, si uandikishaji katika RCCM. Mtu anayetuletea mfuko uliojaa vitansi vya soko na kusema «nimesajiliwa» hajasajiliwa.

Wengine hujificha kwa makusudi, wakiamini kwamba karatasi huleta kodi. Kodi inafuata mauzo. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliwawekea wenye mauzo ya mwaka yasiyofika faranga milioni 80, lakini yaliyozidi milioni 10, asilimia 1 kwa bidhaa na asilimia 2 kwa huduma. Aliyeuza bidhaa za milioni 40 alidaiwa 400,000. Asiyetoa tamko la kodi, kwa sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2003, huongezewa asilimia 25, yaani jumla 500,000, na akirudia kosa asilimia 50, yaani 600,000. Zaidi ya hapo, mkaguzi humkadiria mwenyewe mauzo yake, na asiye na daftari hana cha kumpinga nacho. Viwango hubadilishwa na sheria za fedha. Ulizeni ofisi ya kodi kabla ya kulipa.

Benki nayo huuliza swali lilelile tunalouliza sisi kuhusu mwezi uliopita, na bila jibu hakuna mkopo. Anayekuja kwetu aje mwenyewe, na kitambulisho na daftari lake, hata kama lina kurasa tatu tu. Komisionere (dalali) anayemdai fedha mlangoni kwa ajili ya fomu ya tamko anamwibia, kwa sababu fomu hiyo ni bure.